Unga Uliopikwa

3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama haitakukuta mzima, basi upone haraka, maana nina shida na wewe.

Unalikumbuka lile doa nililokuonyesha tulipomzika shemeji yako, pembeni ya ulimi? Ulisema labda jino linanisugua. Nimeng'oa jino, doa limebaki, na sasa ni jeupe kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nilikwenda kwa daktari wa kinywa, mama mmoja mkavu asiyejua kucheka. Akanikata kinyama kidogo akakipeleka kupimwa. Majibu yamerudi: bado si saratani, ila chembe zimeanza uhuni. Anataka kulikata doa lote sasa, pamoja na nyama kidogo ya kandokando.

"Mwezi mmoja hivi utaongea kama mlevi," aliniambia. "Baadaye utazoea."

Nikamwuliza, "Daktari, unaijua kazi yangu?"

"Naijua. Nakusikia kila ninapopanda treni."

Sasa fikiria. Miaka yote hii mimi ndiyo sauti ya stesheni. Abiria hawaijui sura yangu, wanajua nikisema simameni nyuma ya mstari wanasimama. Mlevi hawezi kutangaza treni. Nikivuruga neno moja, mtu aliyekuwa anakwenda kazini atajikuta kwa wakwe zake.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, Bwana Kwa Nini, msomi wetu pekee. Mama anamwambia kila anayepita mlangoni kwamba huko maabara mnatengeneza dawa ya vinywa kutokana na mbegu. Ni kweli? Na mimi, nikatwe au nisikatwe?

Dada yako

14 Februari

Dada mpendwa,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama posta, nikacheka hadi karani akaniangalia kwa jicho baya.

Ngoja nikueleze tunachofanya, maana najua Mama ametia chumvi. Mmea hauna miguu ya kukimbia. Mdudu akija kuila mbegu yake, hauwezi kumpiga kofi. Kwa hiyo mimea mingi huficha ndani ya mbegu protini ndogo ambayo ikifika tumboni mwa mdudu hukwamisha vimeng'enya vinavyokata chakula vipande vipande. Ni kama mtu akutie kijiti katikati ya mkasi. Mdudu anakula, anajaza tumbo, na bado anakufa njaa. Kijiti hicho tunakiita kizuizi.

Mwilini mwetu namo imo mikasi ya namna hiyo. Bila hiyo chakula hakisagiki na kidonda hakifungi. Lakini chembe zikiasi, huitumia mikasi hiyohiyo kujikatia njia ndani ya nyama. Tukajiuliza: kijiti kinachomshinda mdudu, hakiwezi kuushinda uvimbe? Kwenye vyombo vya maabara kimeweza. Kwa panya kimeweza. Sasa tunajaribu kwa watu wenye doa kama lako. Tunaanza na soya mbichi, maana moto unakiua kizuizi. Tunaisaga, tunaichuja, unga wake unaukoroga na maji, unakaa nao mdomoni, unameza.

Nusu ya washiriki watapata unga wa kweli, nusu watapata unga unaofanana nao lakini hauna kitu. Kura ndiyo inayoamua. Bila hivyo hatutajua kama kilichoponya ni dawa au ni matumaini.

Kwa hiyo usikatwe kwanza. Ukikatwa doa, hutakuwa na cha kutibu wala sisi cha kupima. Jiandikishe kwenye kliniki ya huko kwenu tunayoshirikiana nayo, ila tumia jina la ukoo la marehemu shemeji, kwa sababu ndugu wa watafiti hawaruhusiwi. Na usinipigie simu. Simu ya hapa inapitia mezani kwa mkuu wangu. Tuandikiane kwenye sanduku langu la posta.

Mwambie daktari wako asubiri. Doa halina haraka.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Nimeanza. Kila asubuhi kabla ya zamu nakaa na matope yako mdomoni, na Mama anakaa karibu kuhakikisha siyatemi. Ni wakati pekee katika siku ambapo nyumba hii ina amani, anasema, kwa kuwa siwezi kumjibu.

Kliniki tunapangwa kwenye benchi moja refu. Pembeni yangu hukaa mwalimu mmoja wa hesabu, mjane kama mimi, mtu wa kulalamika tangu anavua kofia. Anasema unga wake unanuka majani mabichi, unamkausha koo na kumjaza gesi hadi wanafunzi wanafungua madirisha. Mimi nikamwambia wangu hauna neno. Unanukia vizuri kabisa, kama sufuria ya maharage iliyoiva. Akataka kuonja. Nikamwonjesha.

"Hii imepikwa," akasema.

Ndiyo nikakumbuka barua yako. Uliniambia moto unakiua kile kijiti. Mdogo wangu, sema kweli, nimeangukia upande wa wasio na kitu? Kama ndivyo niambie tu nikakatwe, sitakuchukia. Daktari wa kinywa ameninunia. Anasema nafasi anayo hata wiki hii.

Mama anakusalimu. Anasema ukila vizuri utaoa.

Dada

2 Aprili

Dada,

Harufu isikutie wasiwasi. Unga wote hukaushwa kwa mvuke, na mafungu mengine hupata moto kidogo zaidi ya mengine. Haina maana yoyote. Ulimi wa mwalimu wa hesabu si chombo cha kupimia.

Tafadhali msiendelee kuonjeshana. Mkuu akisikia ataifunga kliniki nzima.

Endelea kama ulivyoelekezwa. Kuhusu kukatwa, msimamo wangu ni uleule, subiri.

Msalimie Mama.

Mdogo wako

11 Julai

Mdogo wangu,

Leo mzaha umenipungukia kidogo. Doa limebadilika. Katikati pamekuwa pekundu, pamechimbika, na nikinywa kitu chenye uchachu machozi yananitoka. Daktari wa kinywa aliniweka chini ya taa, akavua miwani, akaniuliza nani ananishauri. Nikamwambia, "Nina ndugu anayejua mambo haya kuliko wewe." Ndivyo nilivyosema. Aliandika kidogo, halafu akasema, "Mwambie ndugu yako aje aangalie mwenyewe."

Mwalimu wa hesabu ameachana na unga. Alikwenda akakatwa mwezi wa tano, hakumwuliza mtu. Nimemwona sokoni, anapiga mluzi kila akifika kwenye "s", na wanafunzi wake wanamwiga wakifikiri hasikii. Nikamcheka mbele ya watu. Na yeye akacheka. Alikuwa amebeba tikiti maji.

Kule kazini mkuu wa stesheni ameniingiza kwenye chumba kidogo chenye mashine ya kurekodi sauti, nikasoma matangazo yote, majina ya vituo vyote, asubuhi njema na samahani kwa usumbufu. Anasema ni kwa ajili ya siku nikiwa na mafua.

Naomba unijibu haraka, na unijibu kama ndugu, si kama daktari. Nafasi ya upasuaji nimewekewa tena. Nikatwe au nisikatwe?

Dada yako

19 Julai

Dada,

Naandika mbio, mkuu ananisubiri kikaoni.

Wekundu wakati mwingine ni dalili kwamba kizuizi kinafanya kazi. Doa linapopigana hubadilika rangi. Sitaki ukimbie sasa hivi wakati tunakaribia. Mwalimu amejitoa, na wenzake kadhaa wamemfuata kama kondoo. Tukipungua tena, kazi yangu yote itatupwa, na pamoja nayo dawa ambayo ingewafaa watu wengi baada yako.

Vumilia mpaka mwisho wa mwaka. Nakuomba kama mdogo wako. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kunipeleka shule, leo nibebe tena kidogo.

Kwa daktari sema unaahirisha kwa sababu za kifamilia.

Mdogo wako

30 Oktoba

Dada,

Mbona kimya? Kliniki wanasema hujafika tangu Septemba, na kopo lako la mwisho halijarudi. Uliniahidi mwisho wa mwaka. Kama umeamua kuacha ungeniarifu mapema, si kuniacha nihangaike na nafasi tupu kwenye majedwali yangu. Najua hupendi kufuata ratiba, tangu utotoni hukupenda, lakini hapa si suala la kufua au kupika. Watu wanategemea.

Nilipita stesheni ya hapa juzi kumsindikiza mgeni, na kwa kuwa njia ni moja wameanza kutumia matangazo yako huku pia. Nikasikia sauti yako safi kabisa, nikajua hujambo. Basi nijibu.

Mdogo wako

4 Desemba

Mdogo wangu,

Hiyo uliyoisikia ni mashine.

Wameuondoa ulimi. Kimebaki kisiki nyuma, ambacho daktari anasema kitanisaidia kumeza nikijifunza. Septemba uvimbe ulitokea shingoni, nikaanguka kazini nikiwa nimeshika kipaza sauti. Nikafunguliwa kutoka sikio hadi kidevuni, wakatoa na tezi za shingo. Baada ya hapo ikawa mionzi, ambayo ilinichoma ndani ya mdomo nikawa nalala nimeinama juu ya beseni. Ndiyo maana sikukuandikia. Mkono ulikuwa mzima, lakini sikuwa na jambo la kumwambia mtu.

Chakula napewa kwa bomba la sindano kupitia mpira wa puani. Mama ananisukumia uji kwa kupapasa. Wewe hujaja, kwa hiyo hujui kwamba presha ya macho imemmaliza. Mwanga anauona, uso hauoni. Tumejifunza lugha yetu. Nikimgusa mkono mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Zaidi ya hapo hatuna.

Daktari wa kinywa alikuja wodini siku ya kwanza nilipozinduka. Nilidhani atanisema. Alikaa kwenye kiti akanishika mguu tu.

Nyumba yetu inapakana na reli, unajua. Kila treni ikiingia naisikia sauti yangu ikiwakaribisha abiria. Mama husema, "Sikiliza, unavyosema vizuri." Nafikiri anasahau.

Usijilaumu. Najua utajilaumu, una moyo mwepesi. Wewe ulitoa ulichokuwa nacho. Labda bila unga wako ningekwisha mapema zaidi. Kila jioni Mama anakuombea kwa sauti, anashukuru kwa dawa ya mwanawe iliyonibakiza hai, na mimi namgusa mkono mara moja.

Dada yako

15 Machi

Dada yangu,

Barua yako nilikaa nayo muda mrefu nikashindwa kuijibu. Kuna jambo nimelificha karibu mwaka mzima na sasa naweza kulitoa, kwa sababu matokeo yametoka.

Unga wako ulikuwa uliopikwa. Nilijua siku ile ulipoandika habari ya sufuria ya maharage, maana unga usio na kitu niliutengeneza mwenyewe, kwa soya ileile niliyoichemsha. Ningekwambia ungeacha. Ungeacha, mkuu angeuliza kwa nini, jina la shemeji lingechunguzwa, na mimi ningefukuzwa. Kila siku nilifikiri kukupelekea unga wa kweli kwa siri. Mara moja nilikwishaujaza kwenye kopo. Lakini ningejaribu kupenyeza kitu hicho, kazi yote ingekuwa uongo.

Ila sikiliza, dada, hapa ndipo nilipopata pumzi. Juzi tumefungua kura na kulinganisha. Hakuna tofauti. Waliopata kizuizi na waliopata unga mtupu wako sawasawa. Madoa yao yalipungua kidogo, yakakua kidogo, mengine yakageuka. Kinachomshinda panya hakikumshinda binadamu, angalau si kwa njia hii. Unaona maana yake? Hata ungepata ule wa kweli, yangekupata hayahaya. Sikukunyima chochote. Niliposoma zile namba nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha, nasema kweli, mzigo ulinitoka mabegani.

Nimetaka ulijue hili ili na wewe upate amani.

Naomba tu barua zangu uzichome. Si kwa ubaya.

Mdogo wako

28 Machi

Wewe,

Nimeisoma. Nikairudia, nikidhani labda dawa za maumivu zinanichezea.

Sikukuuliza habari za unga. Rudi kwenye barua zangu, kama bado unazo. Nilikuuliza nikatwe au nisikatwe. Nilikuuliza mwezi wa pili, nikakuuliza mwezi wa tatu, mwezi wa saba nikakuomba unijibu kama ndugu. Doa lilikuwa dogo kuliko ukucha. Daktari alikuwa amekwisha kuvaa glavu. Ukaniambia wekundu ni dalili njema. Hiyo nayo ilipikwa na nani?

Mwalimu wa hesabu huja siku za mapumziko kunisomea gazeti. Alipata ule wa kweli, na kama unavyosema, haukumfaa kitu. Kilichomfaa ni kwamba hakuwa na ndugu maabara. Jana alikuwa anasoma, akafika kwenye neno lenye "s" nyingi, mluzi ukamtoka, akaniangalia ili tucheke pamoja kama zamani. Nikatoa ile sauti ninayotoa siku hizi. Akakunja gazeti, akasema anawahi kusahihisha madaftari.

Barua sizichomi, ila usiogope, simpelekei mkuu wako. Ningetaka kukuumiza ningekuwa nimekwisha kukuumiza, bahasha ninazo. Kuna mtu mmoja tu nataka ajue, nami siwezi kumwambia.

Jana jioni Mama aliomba tena. Alikutaja wewe kwanza, kabla yangu. Akashukuru kwa mikono yako, kwa akili yako, kwa mbegu zako. Halafu akanyoosha mkono kungoja nimguse mara moja, kama kawaida. Nikamgusa mara mbili. Akasema, "Hapana nini, mwanangu? Una maumivu?" Nikamgusa mara mbili. "Una kiu?" Mara mbili. Akaendelea hivyo, akataja mto, blanketi, dirisha, choo, kila kitu kilichomo ndani ya nyumba hii, na mimi nikigusa hapana, hapana, hadi akaanza kulia kwa kudhani nimechanganyikiwa. Nikamgusa mara moja ili alale.

Ningeweza kumwita mwalimu amsomee barua zako. Lakini habari za mwanawe hazistahili kutoka kwenye mdomo wa mtu wa nje. Zitoke kwenye wako. Macho hana, mimi ulimi sina, aliyebaki na vyote ni wewe.

Panda treni uje. Njoo wakati wa chakula, usije wakati mwingine. Utanilisha, maana mikono ya Mama inatetemeka siku hizi na uji unanimwagikia shingoni. Ukimaliza kunilisha utamweleza, kuanzia kwenye benchi la kliniki hadi kwenye ngazi ulizokalia ukalia kwa furaha. Nitakuwa nimekaa hapo. Ukiruka kitu, nitakuandikia kwenye karatasi ulichokiruka, na utakisema.

Sitaki kingine. Msamaha mtauzungumza, wewe na Mama, mimi nikisikiliza.

Dada yako

17 Aprili

Dada mpendwa,

Nimeipata barua yako na nimeielewa kabisa. Una haki ya kuwa na uchungu, sibishani nawe.

Kuhusu kuja, wakati huu mambo yamenibana vibaya. Pamoja na kwamba ile kazi haikuleta tulichotarajia, mkuu ameridhishwa na jinsi ilivyoendeshwa bila dosari, na nimekabidhiwa kitengo kipya. Tunajaribu vizuizi kutoka mbegu za maboga, kwa vidonda vya miguu visivyofunga. Hili lina matumaini makubwa zaidi, nakuhakikishia. Washiriki wa kwanza wanaanza mwezi ujao na siwezi kuwaacha.

Kuna pampu ndogo ya kulishia nimeituma kwa mizigo ya treni, itampunguzia Mama kazi. Maelekezo yako ndani ya boksi, yafuateni vizuri.

Hayo mengine tutayaongea nikija. Nakuomba tusimharakishie Mama, umri wake si wa kupewa habari nzito. Mwambie tu nampenda, na kwamba nitakuja mambo yakitulia.

Mdogo wako